Silinda mbili hazijazi shimo la barabara: Kindu na ndoto ya pikipiki kubwa ya Uingereza

KINDU, MANIEMA – Kwenye vituo vya motari, kuanzia ukingo wa mto upande wa Kasuku mpaka Alunguli ng'ambo, kuna picha inayopita simu kwa simu. Ni ya pikipiki ya Uingereza, Triumph Scrambler: injini ya silinda mbili, bomba mbili za moshi zimepandishwa ubavuni, pine nene, amortisa ndefu. Ni pikipiki ya njia mbili, yaani imetengenezwa kwa ajili ya lami na kwa ajili ya udongo. Kila picha inapopita, neno linalofuata ni lile lile: "Hii ndiyo ingemaliza njia ya Kalima."

Neno hilo limeacha kuwa la mchezo. Kuna vijana wanaowaomba ndugu zao walio Ulaya watafute moja iliyotumika. Kuna watu wa komisio wanaosema wanaweza kuileta kupitia Dar es Salaam au Lubumbashi, mradi wapewe kwanza nusu ya bei. Na kuna jamaa zilizokimbia vita, zilizofika Maniema na pesa kidogo ya mbuzi au ya shamba lililouzwa kwa haraka, ambazo zinashauriwa kuweka pesa hiyo katika likelemba moja na kununua "mashine moja ya nguvu" badala ya pikipiki ndogo "zinazokufa upesi."

Ushauri huo ni mbaya, na unapaswa kukataliwa waziwazi kabla haujala pesa ya mtu. Pikipiki ni mali ya yule anayeweza kuitengeneza pale anapoishi. Isipotengenezeka hapo, hata kama karti rozi ina jina lake, mwenye nayo anabaki mlinzi wa chuma.

Wanaoitaka si wajinga

Haki itendeke kwanza. Wanaoitamani Triumph wana sababu zao, na sababu hizo zinatoka barabarani, hazitoki kwenye simu peke yake.

Kindu ina lami kwenye barabara chache za mji. Ukiziacha, jimbo zima ni udongo, mchanga, matope na madaraja ya miti. Kalima iko kilomita 100 hivi kutoka Kindu, lakini wakati wa mvua hakuna anayehesabu safari hiyo kwa kilomita. Watu wanaihesabu kwa mashimo na kwa usiku waliolala njiani. Pikipiki ndogo inabebeshwa mzigo usio wake: abiria wawili, gunia la mchele, jerikani za mawese, wakati mwingine mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge mgongoni mwa ndugu yake. Diski za ambreyaji zinaungua. Mnyororo unakatika. Rimu inapinda. Motari anayefanya kazi hiyo miaka miwili anaumwa mgongo kama mzee.

Mtu wa namna hiyo akiona pikipiki yenye nguvu mara nyingi kuliko yake, inayoketi juu na kuruka mashimo, ni lazima aitamani. Hakuna aibu katika kutamani. Kosa linaanza pale anapodhani kwamba kinachomuumiza ni uchache wa silinda.

Mashine yenyewe ni nini

Triumph ni jina la zamani. Mwaka 1937 fundi wao mkubwa, Edward Turner, alitoa Speed Twin, pikipiki ya silinda mbili zilizosimama pamoja, na kwa miaka mingi viwanda vya Uingereza vilifuata mfano huo. Mwaka 1981 kiwanda chao cha Meriden kilitoa Tiger Trail, silinda mbili ya kupanda milima na kukanyaga udongo, moja ya zile za kwanza kubwa za aina hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1983, kiwanda hicho kilifungwa. Jina lilinunuliwa na tajiri wa ujenzi, John Bloor, naye akaanza upya katika mji wa Hinckley mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Scrambler za leo ni watoto wa kiwanda hicho kipya. Ya kwanza ilitoka mwaka 2006 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 865. Baadaye ikaja ya 900, na mwaka 2019 ikaingia sokoni ile ya 1200, ambayo ndiyo picha yake inazunguka zaidi. Nyingi hazitengenezwi hata Uingereza. Zinatoka kwenye viwanda vya Triumph vya Thailand.

Ni mashine nzuri. Kwenye lami ndefu, mfano Nairobi hadi Mombasa, na fundi aliyesomea mashine hizo akiwa mwisho wa safari, ina haki yake yote. Lakini wanaoitaka ni wa Kindu, na Kindu ina mitihani yake.

Mtihani wa kwanza ni mto

Lualaba imeukata mji. Kasuku na Mikelenge ziko upande mmoja, Alunguli upande mwingine, na hakuna daraja. Anayekwenda Kalima au Pangi ni lazima avuke. Siku ambayo baki haitembei, au foleni ni ndefu, au giza limeingia, kinachobaki ni pirogi.

Kila mtu wa Kindu amewahi kuona pikipiki ndogo ikipakiwa ndani ya pirogi. Wanaume wawili, mmoja anashika usukani, mwingine kiti, wanaiinua, wanailaza au kuisimamisha katikati, na mwenye kasia anaondoka. Boxer inapata kilo 120 hivi. Scrambler ya 1200, ikiwa na esansi na mafuta yake, inapita kilo 220. Hiyo ni karibu Boxer mbili zilizofungwa pamoja, tena uzito wake uko juu, hauko chini. Kuiinua kutoka kwenye matope ya ukingo kunataka watu wanne au watano, na kila mmoja anataka chake. Ikiyumba katikati ya mto, hakuna wa kuirudisha.

Jambo ni hilo hilo kwenye madaraja ya miti. Mti mmoja ukivunjika, motari wa pikipiki ndogo anashuka, anaisukuma, anaita mpita njia amsaidie kuinyanyua. Mwenye kilo 220, akiwa peke yake, na tairi la nyuma likiwa limeingia kati ya miti miwili, atakaa hapo kungoja mkutano wa kijiji.

Nguvu ya injini inasaidia pikipiki ikiwa inatembea. Katika njia za Maniema, sehemu kubwa ya kazi inafanyika pikipiki ikiwa imekwama. Hapo nguvu inayotakiwa ni ya mikono.

Mtihani wa pili ni fundi

Fundi wa Kindu ni fundi kweli. Anafungua injini ya Boxer au TVS chini ya mwembe, kwa funguo chache na nyundo, anakata jointi kwenye katoni, anabadilisha pistoni, na jioni pikipiki inatembea. Kwado wa pembeni anaziba pine kwa kipande cha mpira na moto. Ujuzi huo haukuja bure. Umejengwa kwa miaka, kwa sababu pikipiki ni zile zile, piesi ni zile zile, na kila kosa limekwisha kufanywa na mtu fulani kabla.

Boxer ina pistoni moja na vali mbili. Inapozwa na upepo. Ina karbirateri, na betri ikifa bado kuna kiki ya mguu. Scrambler ya 1200 ina pistoni mbili na vali nane. Inapozwa na maji. Haina karbirateri, kompyuta ndiyo inayoamuru esansi iingie, na breki zenyewe zinasimamiwa na umeme. Haina kiki ya mguu. Taa ya hitilafu ikiwaka, fundi anahitaji kifaa cha kuisoma kompyuta hiyo. Hakuna nyundo inayozungumza na kompyuta.

Sasa piesi. Mwenye pikipiki ndogo anakwenda sokoni na kuchagua kati ya mnyororo wa bei ya juu na wa bei ya chini. Mwenye Triumph anapiga simu. Piesi itoke Ulaya au Asia, ifike bandarini au uwanja wa ndege, ipite forodha, kisha ianze safari ya Kindu. Na safari ya Kindu inajulikana. Treni kutoka Lubumbashi inaweza kukaa njiani wiki nzima na zaidi. Kutoka Kisangani ni barabara au reli mpaka Ubundu, halafu mto. Zamani bidhaa nyingi zilikuja kwa ndege kutoka Goma. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, mlango huo ulifungika. Wafanyabiashara wa Kindu waliona bei za vitu vidogo zikipanda, buji na mafuta ya injini vikiwemo. Kama buji ya Boxer ilisumbua, kompyuta ya Triumph itafika lini?

Mwenye pikipiki ataendelea kusubiri. Na wakati anasubiri, hakuna pesa inayoingia nyumbani.

Mtihani wa tatu ni chungu cha nyumbani

Scrambler ya 1200, kwa hesabu ya kiwanda chenyewe, inakunywa karibu lita 5 kwa kilomita 100. Pikipiki ndogo inakwenda mwendo huo kwa lita 2 hivi. Motari anayetembea kilomita 100 kwa siku atamwaga lita 3 zaidi kila siku. Kwa siku 25 za kazi ni lita 75. Kila anayenunua esansi kwa chupa kwa makadafi wa barabarani anaweza kupiga hesabu hiyo kwa bei ya leo, asubuhi hii, bila kumsubiri mtaalamu.

Na abiria? Abiria wa Kindu halipi silinda, analipa safari. Mama anayetoka Mikelenge kwenda soko hataongeza franka mia kwa sababu amekaa juu ya mashine ya Uingereza. Atakataa hata kuipanda, kwa sababu kiti kiko juu na bomba la moshi liko karibu na mguu wake.

Halafu bei ya kununua. Uingereza kwenyewe, Scrambler ya 1200 ikiwa mpya inapita pauni 10,000, kabla ya meli, kabla ya forodha, kabla ya komisio. Pesa hiyo inanunua pikipiki ndogo mpya si chini ya sita. Sita hizo zinalisha jamaa sita. Moja ikilala kwa ugonjwa, tano zinatembea. Ile moja kubwa ikilala, wote wamelala nayo.

Iliyotumika ni nafuu, ndiyo. Lakini kinachopungua hapo ni bei ya kununua. Bei ya pistoni, ya pine na ya kompyuta haipungui kwa sababu pikipiki ni ya zamani. Tena kinachouzwa huko kwa bei ya chini mara nyingi ni kile ambacho mwenyewe amechoka kukitengeneza, naye anaishi karibu na duka la piesi.

"Mbona Mwingereza alizunguka nayo dunia?"

Watetezi wa silinda mbili wana jibu moja wanalolipenda. Mwaka 1973 mwandishi Ted Simon aliondoka London juu ya Triumph Tiger 100, silinda mbili, sentimita za ujazo 500. Alizunguka dunia kwa miaka minne. Alipita Sudan na Ethiopia, akashuka Kenya na Tanzania, kwenye njia za wakati ule. Wanasema: kama yeye aliweza, motari wa Maniema anashindwaje?

Mfano huo ni wa kweli, lakini unasema kinyume cha wanachotaka. Kwanza, Simon alikuwa na gazeti kubwa la London, Sunday Times, nyuma yake. Pili, Tiger ile ilikuwa mashine ya kufunguliwa na kufungwa kwa mikono, bila kompyuta. Kwa tabia, iko karibu na Boxer ya leo kuliko na Scrambler ya leo. Tatu, na hili ndilo kubwa, Simon alikuwa anapita. Msafiri anaweza kukaa wiki tatu katika mji mmoja akisubiri piesi. Hayo yanakuwa sura katika kitabu chake. Motari wa Alunguli akikaa wiki tatu, watoto wake wanafukuzwa masomoni.

Anayetaka mfano wa Waingereza aangalie kazi yao ya afya barani Afrika. Riders for Health, shirika la Uingereza lililoanzishwa na wapenzi wa mbio za pikipiki, lilifanya kazi Lesotho, Gambia, Zimbabwe na kwingine, likihakikisha wahudumu wa afya wanafika vijijini. Watu hao wanazijua Triumph tangu utoto. Hata hivyo pikipiki zilizobeba kazi yao zilikuwa ndogo, za silinda moja. Na mafundisho yao makubwa yalikuwa juu ya matunzo: kuangalia mnyororo, mafuta, pine na breki kila siku kabla ya kuondoka, na kubadilisha kipande kabla hakijavunjika. Maniema nako, mapadri, wauguzi na watu wa chanjo wamezunguka miaka na miaka juu ya Yamaha AG100 na DT125. Silinda moja. Wenye uwezo wa kuagiza chochote walichagua kinachorudi nyumbani.

Hata Triumph imebisha hodi kwa Boxer

Kuna jambo ambalo wauza ndoto hawalisemi. Mwaka 2023 Triumph ilitoa Scrambler mpya ndogo, Scrambler 400 X. Ina silinda moja. Na anayeitengeneza ni Bajaj wa India, kwenye kiwanda chake cha Chakan. Bajaj ni yule yule mwenye Boxer.

Kwa hiyo wakati kijana wa Kindu anaidharau Boxer kama pikipiki ya maskini na kuililia Triumph, Triumph yenyewe imekwenda kwa baba wa Boxer kuomba wafanye kazi pamoja. Waingereza walijifunza hilo kwa maumivu. Miaka ya 1960 na 1970 walidhani jina lao litawalinda. Wajapani wakaja na pikipiki zinazowaka kila asubuhi na zisizovuja mafuta. Honda ya CB750 ilipotoka mwaka 1969, mnunuzi alikuwa amekwisha kuamua. Mwaka 1973 wafanyakazi wa Meriden walikikalia kiwanda chao ili kisifungwe, wakakifanya cha ushirika mwaka 1975, na bado mwaka 1983 kikafa. Waliokuwa na jina walishindwa na waliokuwa na mashine ya kuaminika. Kwa nini Kindu ilipe tena ada ya somo ambalo Uingereza imekwisha kulipia?

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa jamaa zilizokimbia vita

Hapa maneno yanapaswa kuwa ya polepole, kwa sababu pesa inayozungumzwa ni ya mwisho.

Watu waliotoka Walikale na Shabunda, waliofika Lubutu, Punia, Pangi na mpaka Kindu, hawakufika na mengi. Wengine waliokoa pikipiki, wakaja nayo juu ya matope, na pikipiki hiyo ndiyo nyumba, shamba na benki yao kwa sasa. Wengine waliiuza njiani kwa bei ya kulia. Jamaa iliyopoteza kila kitu mara moja haiwezi kupoteza mara ya pili kwa hiari yake.

Kwa jamaa hiyo pikipiki inayofaa ni ile ambayo inaweza kukimbia nayo tena ikibidi: ya kuinuliwa kwenye pirogi, ya kuwaka kwa mguu, ya kupata buji katika kijiji chochote, ya kuuzwa kwa siku moja kama mtoto ameugua. Nani katika soko la Kindu atanunua Triumph kwa siku moja, na kwa bei gani? Mali isiyouzika wakati wa shida haimsaidii mkimbizi.

Na mtu wa komisio anayetaka nusu ya bei kwa mashine iliyo kwenye picha asipewe hata franka. Kabla ya pesa kutoka mkononi, mambo manne yaonekane kwa macho. Kwanza, pikipiki yenyewe, iwashwe asubuhi ikiwa baridi. Pili, karti rozi, na namba ya shasi ilinganishwe na iliyo kwenye chuma. Tatu, fundi ambaye tayari ameifungua injini ya aina hiyo hapa hapa mjini. Nne, duka la hapa hapa lenye pistoni, ambreyaji na pine zake. Likikosekana moja kati ya hayo, pesa irudi kwenye kitenge.

Likelemba iliyokusanya pesa ya pikipiki moja ya kifahari inaweza kufanya kazi ya kueleweka zaidi. Inaweza kununua pikipiki ndogo mbili au tatu za njia ya udongo. Inaweza kuweka kando sanduku la piesi: minyororo, buji, diski za ambreyaji, pine mbili, mafuta ya injini. Na iandike mkataba. Kama motari si mwenye pikipiki, karatasi iseme ni pesa ngapi kwa siku, nani analipa matengenezo, na baada ya miezi mingapi pikipiki itakuwa yake. Mikataba ya mdomo imezaa kesi nyingi kuliko ajali. Mjane aliyekimbia vita na kumkabidhi kijana pikipiki yake anahitaji karatasi hiyo kuliko silinda ya pili.

Deni ni la barabara

Limebaki neno la mwisho, na hili haliwahusu motari.

Ndoto ya pikipiki kubwa ina wapenzi wengine, wenye ofisi. Kwao ni starehe kusikia vijana wakijadili ni mashine gani inaweza kuruka mashimo, kwa sababu mjadala huo hauulizi mashimo ni ya nani. Tatizo la njia ya Kalima likigeuka kuwa tatizo la pikipiki, basi mwenye kosa ni motari aliyenunua ndogo. Ofisi inapumua.

Mji wa Kindu unajua maana ya kuachwa. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998 reli ilisimama, na watu wa Maniema walisukuma kinga zenye magunia kwa mamia ya kilomita ili chumvi na sabuni zifike. Walisifiwa sana kwa uvumilivu wao. Lakini kinga zile hazikuwa jibu la reli, na hakuna aliyesema kwamba zingekuwa kinga za Uingereza reli isingehitajika. Leo pikipiki imechukua mahali pa kinga, na hatari ni ile ile: ushujaa wa raia kufanywa mahali pa kazi ya serikali.

Mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua, daraja la miti lililobadilishwa miti mitatu, baki inayotembea kila siku kwa saa zinazojulikana, vinasaidia kila pikipiki, kila kinga na kila mama mwenye kikapu kichwani. Triumph moja inamsaidia mtu mmoja, mpaka siku itakapolala. Pesa za forodha, za plaki, za asiransi na za vizuizi vya njiani zinatoka mifukoni mwa motari hao hao kila mwezi. Wana haki ya kuuliza zimejaza shimo gani. Na kiongozi anayevuka shimo juu ya amortisa ndefu hatalijaza, maana hajalisikia.

Kwa hiyo picha iendelee kupita kwenye simu. Macho hayatozwi kodi. Lakini mwenye pesa mkononi, kabla ya kuamini picha, avuke kwanza mto asubuhi, asimame ukingoni Alunguli, aangalie pikipiki zinazoshushwa kwenye pirogi. Ahesabu ni ngapi zinashushwa na watu wawili. Kisha aende kwa fundi wake chini ya mwembe na kumuuliza swali moja: "Ikifa hii, utaifufua?" Fundi akisita, ajue kwamba hiyo pikipiki bado haijawa ya Kindu.